Tangaza Kazi Yako ya DJ, Usitangaze Mlango wa Nyumba Yako

Chukua bango lolote la DJ anayezunguka na mitambo yake, yule anayepiga muziki kwenye harusi, ruracio, bathdei na sherehe za kufuzu, kisha usome kila kitu kilichoandikwa. Mara nyingi utapata picha yake akiwa na hedifoni shingoni, orodha ya mitambo yote anayomiliki, nambari moja ya simu ambayo ndiyo ya kupiga, ya WhatsApp na ya kutuma pesa, halafu chini kabisa mahali anapopatikana: mtaa, jina la ploti, na wakati mwingine hata nambari ya nyumba. Ukilisoma kama mteja, ni bango zuri. Ukilisoma kama mwizi, limeshakuambia kuna mali gani na iko wapi. Ukifungua ukurasa wake unapata na ratiba: Jumamosi ijayo yuko Naivasha hadi alfajiri.

Mwenye duka ana majirani wa biashara pande zote, na jioni anafunga na kwenda kulala kwingine. DJ wa nyumbani duka lake ni sebule. Kontrola iko kando ya TV, spika zimepangwa nyuma ya kochi, watoto wamelala chumba cha pili. Kwa hivyo tunapomshauri alinde faragha yake, hatumwambii ajifiche. Tunazungumzia familia, na mitambo ambayo huenda bado inalipiwa mkopo.

Shida ni kwamba mteja naye ana hofu zake. Anaombwa dipoziti na mtu ambaye hajawahi kumwona, kwa siku ambayo haiwezi kurudiwa. Akikosa DJ siku ya harusi, hakuna fidia itakayoirudisha siku hiyo. Akiona tangazo lisilo na jina kamili wala mahali, anaingia baridi, na ana haki. Ndiyo maana ushauri wa "usiweke chochote kukuhusu" haufanyi kazi. Kila unachokiondoa kwenye tangazo kwa ajili ya usalama wako, lazima uweke kingine cha kumpa mteja imani. Kwa maoni yetu, kitu hicho si ramani ya kwako. Ni jina la biashara linalolingana kila mahali, hasa pale pesa inapopita.

Nambari moja inabeba mizigo mingi

Tuanze na simu, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapojianika bila kujua. Laini yako ya simu imesajiliwa kwa kitambulisho chako. Mtu akiiweka kwenye menyu ya kutuma pesa, jina lako la kitambulisho linatokea kabla hajathibitisha. Hahitaji kutuma hata shilingi. Anasoma jina, anabonyeza kughairi, anaondoka nalo. Sisi tumeweka hatua hiyo ili kumlinda anayetuma pesa asikosee, na inafanya kazi hiyo vizuri. Lakini nambari iliyobandikwa kwenye kila ukurasa wa Facebook inampa mtu yeyote jina lako, na jina likikutana na mtaa, kukutafuta ni kazi ya kuuliza mlinzi mmoja tu.

Halafu laini hiyo hiyo ndiyo inayopokea ujumbe wa benki. Ndiyo inayofungua barua pepe ukisahau nywila. Tapeli anayetaka kuihamisha laini yako kwenye kadi nyingine anahitaji kujifanya wewe, na kujifanya wewe kunakuwa rahisi akiwa na jina kamili, nambari, tarehe ya kuzaliwa uliyoisherehekea hadharani mwezi uliopita, na picha ya kitambulisho uliyomtumia "mteja" aliyetaka uthibitisho.

Suluhisho si ghali. Tafuta laini ya pili iwe ya biashara. Simu nyingi za siku hizi zina nafasi ya laini mbili, na kama yako haina, kabambe itakufaa kwa kupigiwa. Hii ndiyo laini ya bango, ya WhatsApp Business, na ya kuachia watu kadi. Na hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui: kuwa na laini hakukulazimishi kuifungulia huduma ya pesa. Unaweza kuiacha iwe ya kupiga na kuandikiana tu. Mtu akijaribu kuitumia kama njia ya kusoma jina lako, hapati kitu. Pesa zote zinapitia till.

Laini ya nyumbani, ile iliyounganishwa na benki na iliyo na pesa za kodi na karo, isiandikwe kwenye tangazo lolote. Hata lile la grupu ya WhatsApp ya estate. Hata kwa rafiki ambaye "atalisambaza tu kwa watu wake".

Tunajua akina dada walio kwenye kazi hii wana sababu ya ziada. Nambari ya bango hupigwa saa nane za usiku na watu wasio na sherehe yoyote ya kupanga. Laini ya pili inazimwa saa tatu usiku, na ujumbe wa WhatsApp Business wa kujibu wenyewe unaeleza kwamba utarudi kesho asubuhi. Mama yako bado anakupata kwenye ile nyingine.

Acha till ikuongelee

Mteja anapolipa kwa till, jina linalomtokea ni la biashara. Hapo ndipo faragha yako na imani yake vinapokutana. Kwa hivyo unapojaza fomu ya kuomba till, lichukulie kwa uzito lile boksi la jina la biashara. Tumeona watu wakiandika jina lao la kitambulisho kwa sababu ndilo lililokuja haraka, kisha wanashangaa kuliona kwa kila mteja. Andika jina lile lile lililo kwenye bango, herufi kwa herufi. Kama kwenye Instagram wewe ni DJ fulani Sounds, kwenye till usiwe fulani Entertainment Ventures. Mteja mwenye wasiwasi anatafuta kitu kimoja tu, kama majina yanafanana.

Sasa, bango linaweza kusema hivi: "Muziki wa harusi, ruracio na sherehe za nyumbani. Tunahudumia Nairobi, Kiambu, Machakos na Kajiado. Tarehe yako inashikiliwa ukishalipa nusu kwa till. Kabla ya kuweka PIN, hakikisha jina lililotokea ni lile lililo juu ya bango hili."

Sentensi ya mwisho inafanya kazi mbili. Inamtuliza mteja, halafu inamzuia yule mjanja anayechukua bango la DJ mzuri, anafuta nambari, anaweka yake na kuanza kukusanya dipoziti za watu. Anaweza kubadilisha nambari kwenye picha, lakini jina linalotokea kwenye simu ya mteja haliko mikononi mwake. Akija na hadithi ya "till ina shida leo, tuma kwa nambari hii", mteja aliyesoma bango lako ana sababu ya kusita. Wakenya wote tumeshawahi kupata ile meseji ya "ile pesa tuma kwa hii namba". Kwenye biashara ya sherehe imevaa suti tu.

Kuna na faida ya kawaida kabisa ya kutenga pesa za kazi na za nyumbani, lakini hiyo tutaiandikia siku nyingine.

Usishukuru kwa picha ya meseji

Hii inatuuma kidogo, kwa sababu meseji zenyewe ni zetu. DJ anapokea dipoziti, anafurahi, anapiga picha ya skrini na kuiweka kwenye status: "Asante kwa kuniamini, Desemba imejaa!" Picha hiyo ina jina la mteja au sehemu yake, kiasi alicholipa, saa, nambari ya muamala, na mara nyingi salio lako. Umemwambia mtu asiyekujua una pesa ngapi. Umewaambia wateja wako wengine bei uliyompa mwenzao. Na umempa tapeli vifaa: anampigia mteja wako, anamtajia nambari ya muamala na kiasi kamili, anajiita afisa wa huduma kwa wateja, na anaanza kuomba PIN. Ukitaka kuonyesha kwamba kazi ipo, andika tu kwamba tarehe fulani zimechukuliwa. Hata hapo, tarehe bila mahali.

Upande wa pili ni picha za skrini unazotumiwa wewe. Hizo si malipo. Meseji ya uongo hutengenezwa kwa dakika moja na inaweza kufanana na yetu hadi nukta. Malipo ni pale salio la till yako limeongezeka, na salio unaliangalia mwenyewe kwenye menyu au programu, si kwenye meseji iliyoletwa na mtu mwingine. Angalia sana mchezo wa "nimetuma elfu kumi badala ya tano, tafadhali nirudishie tano". Kwanza angalia kama hiyo elfu kumi ipo. Kama ipo kweli, mwambie aliyetuma apitie huduma kwa wateja ili ombi la kurejesha lishughulikiwe inavyofaa. Usirudishe kwa nambari tofauti na iliyolipa, hata akisema ni ya mke wake.

Picha zinasema zaidi ya maneno

Wengi wanaondoa anwani kwenye bango halafu wanapiga video ya mix ya Ijumaa wakiwa kwenye balkoni. Nyuma yao kuna tangi la maji la ploti, jina la shule ya jirani, na barabara kuu. Mtu aliyezaliwa mtaa huo anajua ni ghorofa ya ngapi. Au mtoto anaingia kwenye picha akicheza, amevaa sare yenye beji ya shule. Inapendeza, tunakubali, na pengine ndiyo video itakayopendwa kuliko zote. Lakini sasa mtu asiyekujua anajua mtoto wako yuko shule gani.

Shuka jeusi au pazia lisilo na maua, lililotundikwa ukutani, linamaliza shida hii na hata linafanya taa zako zionekane vizuri zaidi. Zima pia kipengele cha mahali kwenye kamera ya simu. Picha inaweza kubeba ndani yake alama ya mahali ilipopigwa. Ukiituma kama picha ya kawaida WhatsApp, alama hiyo huondolewa. Ukiituma kama faili ili isipoteze ubora, jinsi madijei wanavyopenda kutuma mabango, inaenda nayo nzima.

Kwenye Google Business Profile, biashara inayomfuata mteja inaruhusiwa kuficha anwani na kuonyesha maeneo inayohudumia peke yake. Chagua hiyo. Wengine huweka pini nyumbani kwa sababu ramani inaleta wateja. Pini ya DJ inaleta wateja wasiohitaji kufika na wageni usiowahitaji. Kwenye WhatsApp Business pia kuna nafasi ya anwani, iache tupu au andika jina la kaunti.

Gari nalo ni bango. Kama una Probox iliyobandikwa jina na nambari, ikilala nje ya geti kila usiku imeshasema yote. Kuna stika za sumaku zinazobandikwa siku ya kazi na kutolewa baadaye. Na ule mtindo wa kuweka orodha ya mitambo kwa jina la kampuni na modeli, fikiria unamwandikia nani. Bwana harusi hajali modeli ya mikisa. Anataka kujua kama sauti itafika hema la watu 300 na kama una jenereta stima ikipotea. Mwambie hivyo. Nambari za siri za mitambo, zile zilizochapwa chini ya mashine, zipige picha na uzihifadhi pamoja na risiti, kwa sababu ukienda polisi ndizo zitakazothibitisha ni mali yako. Usiziweke hadharani.

Video za kazini zitume kesho yake. "Live" saa nne usiku kutoka Nakuru ni tangazo kwamba nyumba ya Nairobi iko tupu. Ukilazimika kwenda live kwa sababu mteja amelipia, basi nyumbani asikose mtu.

Kuhusu majirani tuseme ukweli: huwezi kuwaficha. Wamekuona ukipakia spika, na wao ndio wateja wako wa kwanza na wanaokutetea kwa wengine. Pale estate, faragha yako ni ndogo na itabaki hivyo. Kinachowezekana ni kupakia na kupakua bila maonyesho, kutumia dereva mmoja unayemjua badala ya kila mara mtu mpya, na kutoelezea mbele ya kila mtu bei uliyonunulia kitu. Caretaker ajue wageni wa kazi hawaji kwako, ili anayekuja akidai "nimetumwa na DJ kuchukua spika" aachwe getini.

Mteja akitaka kukuona

Na atataka. Harusi ni pesa nyingi, na anayekubali kulipa bila kukuona wakati mwingine ndiye wa kumwogopa. Kutana naye kwenye mkahawa, au hata bora zaidi, kwenye ukumbi wenyewe, kwa sababu unahitaji kuona soketi ziko wapi na mitambo itapitia mlango upi. Akitaka kusikia mitambo, mpe video ya kazi iliyopita au mwalike aje kukuona kwenye shughuli ya wazi. Ukimpeleka mahali pa mtu, omba ruhusa ya mwenye sherehe. Uthibitisho mwingine mzuri ni mteja wa zamani aliyekubali kupigiwa simu. Tunasisitiza aliyekubali, si kutoa nambari yake halafu umjulishe baadaye.

Mkiafikiana, andika makubaliano: tarehe, saa, mahali, kiasi kilicholipwa, kilichobaki na kitalipwa lini, na nini kitafanyika mmoja akiahirisha. Hata meseji ndefu ya WhatsApp ambayo mteja ameijibu "nimekubali" inasaidia kuliko maneno ya simu. Usimtumie kitambulisho. Kama amesisitiza, muonyeshe mkiwa ana kwa ana.

Wewe pia mchunguze. Mtu anayekuita mahali pa mbali usiku, hana jina la ukumbi, anasema atalipa yote ukifika na mitambo, na hataki kulipa hata shilingi moja mapema, huyo hajaleta kazi. Dipoziti si pesa tu. Mtu aliyelipa kwa till ameacha alama ya alikotoka.

Wageni wa sherehe pia wana faragha

Faragha si yako peke yako. Video zako bora zina watu: bibi harusi analia, shangazi anakata kiuno, watoto wako mbele ya spika. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, sura ya mtu ni data yake. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data ilitoza kilabu kimoja cha Nairobi faini ya Sh1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja Sh4,550,000 kwa picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Hizo ni pesa za kufunga biashara ya mtu mmoja.

Biashara yenye mauzo ya chini ya Sh5 milioni kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10 kwa kawaida hailazimiki kujisajili na ofisi hiyo, lakini kutosajiliwa hakukuondolei wajibu. Weka mstari mmoja kwenye makubaliano: mwenye sherehe anakubali au hakubali video itumike kwa matangazo. MC atangaze mapema kwamba kuna kamera. Piga wacheza densi wakiwa mbali au kwa nyuma. Watoto waache kabisa, isipokuwa mzazi amekubali mwenyewe. Na nambari za wateja wa mwaka jana usizichote zote kuwatumia tangazo la Krismasi; watumie waliokubali, na kila ujumbe uwe na njia rahisi ya kusema "nitoe".

Kama nambari yako tayari imesambaa

Wengi wanaosoma hapa wameshaweka nambari yao kila mahali kwa miaka mitatu, na wateja wanaijua kwa kichwa. Usiitupe. Fanya kinyume: hiyo iliyosambaa ndiyo iwe laini ya biashara, na utafute laini mpya kwa ajili ya maisha yako. Anza kwa kuhamishia benki kwenye laini mpya, kisha barua pepe, kisha eCitizen na KRA, kisha ujulishe watu wa nyumbani. Pesa zilizo kwenye laini ya zamani zihamishe, na wateja uwaelekeze kwenye till kuanzia siku hiyo. Laini ya zamani iendelee kutumika, kwa sababu laini iliyoachwa muda mrefu bila kutumika inaweza kupewa mtu mwingine, pamoja na simu zote za wateja wako.

Halafu jioni moja kaa chini, andika nambari yako kwenye Google na Facebook, uone inatokea wapi. Utakuta matangazo ya mwaka ule ulipoanza, yenye jina la ploti na mlango. Futa unayoweza kufuta. Yale yaliyowekwa na wengine, waombe wayaondoe. Kama umehama nyumba tangu wakati huo, mwambie pia anayeishi pale sasa.